Kiti Kisichokuwa na Pa Kukalia

Kwa miaka kumi na moja baba yangu aliongea na mimi kupitia mama. Yeye hakuwa bubu na mimi sikuwa kiziwi. Nikienda nyumbani tulikuwa tunakula ugali sahani moja, vidole vyetu vinagongana kwenye mboga, halafu anageuza shingo kuelekea jikoni na kuita. Mama anatoka kule na moshi wake, anajifuta mikono kwenye kanga.

"Mwambie huyo apunguze tonge."

Mama ananigeukia mimi, hatua mbili kutoka kwa baba. "Baba yako anasema upunguze tonge."

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

Anarudi jikoni. Mama yangu alikuwa posta isiyotaka stempu. Wageni walikuwaga wanacheka, halafu wakiona sisi hatucheki wanaacha.

Chanzo chake ni kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mikono, kimechongwa na fundi mmoja wa Ukerewe ambaye babu yangu alimpa mtamba mzima. Mti wake sijui ni wa nini. Mimi ni fundi wa mbao na bado sijui, ila najua ukiupigia msumari ni msumari ndio unapinda. Mgongoni kilichorwa pembe za ng'ombe, zimepandana mpaka juu. Na ile mikono ya kiti haikuishia hivi hivi, iliishia ngumi. Ngumi mbili zimefumbwa, vidole vinahesabika, hadi kucha. Nikiwa mdogo nilikuwaga nazisalimia. Shikamoo wa kushoto, shikamoo wa kulia. Ilikuwa ruhusa kusalimia. Kukaa ndio ilikuwa mwiko. Hata mgeni mkubwa wa dini alipokuja kwetu Butiama alipewa kigoda, na kiti kikabaki pale kinamwangalia.

Pa kukalia palikuwa pamesukwa kwa mikanda ya ngozi. Si ngozi ya dukani. Kwetu, mwenye mji akifa anachinjwa fahali, ile ngozi inakatwa mikanda, inasukwa mbichi kwenye kiti, halafu anakalishwa mtoto wa kwanza. Mikanda ya zamani inafumuliwa na kuzikwa pamoja na marehemu mwenyewe. Kwa hiyo ile ngozi aliyokuwa anakalia baba ilitoka kwa fahali wa msiba wa babu, na ilikuwa ya baba mpaka kaburini. Ngozi ilisukwa siku ya msiba tu. Ukiisuka siku nyingine maana yake umemzika mtu anayetembea.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nayasema mapema ili usinitafutie utetezi.

Mwaka niliochaguliwa kwenda sekondari Musoma mjini, shuleni kwetu tulichaguliwa wawili. Wa pili alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo mimi najihesabu peke yangu. Barua ilikuja na orodha: godoro, ndoo, blanketi, viatu vyeusi vya ngozi. Sasa hiyo ilikuwa miaka ile ya baada ya vita, ambapo duka la kijiji lilikuwa na chumvi, kiberiti siku nyingine, na muuzaji. Sabuni ilikuwa ya foleni. Sukari tulikuwa tunaisikia kwa wenye redio, na wenye redio hawakuwa na betri. Viatu vyeusi vya ngozi, bora wangeandika niende na tembo.

Baba akachukua dume mmoja akaenda mnadani Bunda, auze halafu atafute vitu vya kwenye orodha. Alikaa siku tatu. Siku ya pili mimi nikawa nimeshashinda mtihani wa viatu kwa akili zangu mwenyewe. Nyayo za tairi nilikuwa nazo, kila mtu alikuwa na makatambuga. Kilichokosekana ni ngozi. Nikaangalia huku, nikaangalia kule, nikakiangalia kiti.

Nilikata kwa kisu cha mama cha kuparia samaki. Ngozi iliyokaliwa miaka mingi inakuwaga laini, inang'aa, inapinda vizuri. Nilikata mikanda yote, sikuacha hata mmoja, maana nilisema nikiacha michache kitaonekana kibaya. Nikavunja betri za zamani, nikachanganya ule weusi na samli, nikapaka. Kwa kweli vilipendeza. Nikavivaa nikazunguka nyumba.

Baba alirudi na ndoo na blanketi, na godoro la nyasi begani. Viatu alikuwa amekosa. Aliweka vitu chini, akaangalia miguu yangu muda mrefu kidogo. Halafu akaingia ndani. Nilimsikia amesimama. Mtu akisimama hana mlio, lakini nilimsikia.

Alipotoka alisema, "Mimi na wewe tutaongea siku nikikaa kwenye kiti changu."

Nikadhani ni wiki moja. Mama ndiye aliyenielewesha, akiwa anachambua mchicha, hata kuniangalia hakuniangalia. "Na hicho kiti kitasukwa lini, mwanangu?"

"Ngozi zipo mama, si tutanunua?"

"Tutanunua, halafu tumsukie nani? Nani amekufa hapa?"

Hapo ndipo nikaelewa. Sikulia. Nilijiuliza tu kama vile viatu vitakauka kabla ya Jumatatu.

Shuleni Musoma mvua ya kwanza ilishusha ule weusi wote kwenye vidole. Wenzangu wakanipa jina ambalo sitalitaja, ila lilikuwa la ukoo wa betri. Katikati ya mwaka vikakatika. Ile mikanda nikafungia sanduku langu la mbao. Baadaye sanduku likapotea, sikumbuki hata wapi. Kidato cha pili nikaacha shule. Watu wengine wanasema nilifukuzwa, wananipa sifa ya bure. Ukweli ni kwamba siku moja niliamka, nikala ule ugali wa njano wa yanga, nikakunja godoro, nikatoka getini. Mlinzi akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda. Akasema haya.

Nikaenda Bunda, nikajifunza useremala kwa fundi aliyekuwa ananipiga na rula. Baadaye nikafungua kibanda changu Nyakato, Musoma mjini. Vitanda, milango, stuli, viti. Hasa viti. Nikawa fundi viti ambaye baba yake anakaa kwenye jiwe.

Ndiyo, jiwe. Lilikuwa karibu na ukuta wa nyumba, na baba alikuwa anakaa hapo kila jioni. Kile kiti kilikuwa ndani kwenye kona yake, mgongo na ngumi vipo, katikati tundu. Kila nikienda nyumbani nilikuwa nakiona. Na kila nikienda, posta ya mama ilikuwa inafanya kazi.

"Mwambie kuna nyuki kwenye paa la zizi."

"Baba yako anasema kuna nyuki kwenye paa la zizi."

"Mwambie nitapanda."

"Asipande na hayo masuruali mapana, wataingia."

"Anasema usipande na..."

"Nimesikia mama."

"Basi subiri na mimi nimalize, ndio kazi yangu hii."

Kuna watu wananiuliza kama iliniuma. Mwanzoni labda. Baadaye ikawa kama jino lililokufa, lipo, unatafunia, halina habari na wewe. Nilikuwa nacheka nalo. Kijiweni Nyakato nilikuwaga naisimulia hii hadithi watu wanashika mbavu, wananinunulia chai.

Halafu ikaja ruksa, wenye maduka wakaachiwa kuleta bidhaa za nje. Maduka ya Musoma ambayo tulizoea kuyaona rafu tupu yakajaa mpaka vitu vikawa vinaning'inia mlangoni: mitumba, redio, ndala za rangi zote, viatu vyeusi vya ngozi. Vile viatu nilisimama navyo dukani nikavigeuza geuza. Vilikuwa vingi sana. Nikavirudisha. Nikanunua kiti cha plastiki cheupe, vilikuwa ndio vinaingia, nikakifunga juu ya basi nikampelekea baba.

Baba akakizunguka.

"Mwambie huyo ndoo yake nimeiona."

"Baba yako anasema..."

"Mama, mwambie ni kiti."

"Anasema ni kiti."

"Kina tundu chini za kumwaga maji. Ni ndoo."

Kwenye ile ndoo kuku wa mama alitaga hadi akaangua. Baba akarudi kwenye jiwe.

Mwaka uliofuata aliugua kiuno. Alilala wiki nyingi, na nilipoenda kumwona alikuwa amepungua, shati limekuwa kubwa. Alimwita mama akamwambia aniambie nivune maharage ya bondeni kabla mbuzi hawajayamaliza. Nikavuna. Nikiwa kule bondeni nikapiga hesabu, mimi niliyeikimbia hesabu. Ngozi itapatikana akifa. Akifa hakai. Asipokaa haongei. Ukiigeuza huku ukaigeuza kule, jibu ni lile lile. Nikaendelea kuvuna. Magunia mawili.

Jioni yake nilimkuta mama amekaa kizingitini mwa jiko. Alikuwa amechoka kweli, hata kanga haikufungwa vizuri.

"Nimebeba maneno yenu kama punda," akasema. "Nisikilize. Mimi si kijana. Nikitangulia mimi, nani atawabebea? Mtakaa humu ndani mnatazamana kama mbuzi wa watu wawili?"

"Yeye ndiye alisema, mama."

"Na wewe ndiye ulikata."

Nikaomba nikichukue kile kiti niende nacho Nyakato. Akaingia ndani kuuliza. Ukuta wenyewe wa udongo, nikawa nasikia kila neno.

"Anataka kuchukua kiti."

"Cha nini?"

"Akitengeneze."

Baba akasema, "Mwambie ngozi asiweke. Mimi bado nipo."

Mama akatoka. "Baba yako anasema ngozi usiweke. Yeye bado yupo."

Basi, hakusema nisiweke kitu kingine. Nilibaki na hilo neno njia nzima ya kurudi mjini, kiti kikiwa mapajani, ngumi moja inanisukuma mbavu kwenye kila kona.

Wakati huo Musoma ilikuwa ni sangara. Mji mzima ulinuka sangara na uzi wa nyavu. Kule mwaloni, wanakoshushia samaki, kulikuwa na mzee mmoja mwenyeji wa kisiwa cha Rukuba, fundi wa kushona nyavu, amekaa na kobe lake mkononi, ile sindano ya mti ya kushonea nyavu, akipitisha uzi wa kijani kama anaandika. Nikamwekea kiti mbele.

"Nisukie hapa."

Akakiangalia, akaniangalia. "Wavu wa samaki gani huu?"

"Wa baba."

"Baba yako kilo ngapi?"

"Siku hizi amekonda."

"Nyie watu wa ng'ombe," akasema, "ngozi zikiisha mnakuja ziwani." Lakini akakishika. Alikishika vizuri, akapitisha kidole kwenye zile pembe, akasalimia ngumi moja. Huyo mtu nilimpenda hapo hapo. "Nitakupa macho ya wavu wa sangara," akasema. "Sangara mkubwa hatoki humo."

Ilimchukua siku mbili. Mimi nilikuwa naenda kumwangalia. Alisuka kama alivyozoea, fundo kwa fundo, jicho kwa jicho, kijani kinang'aa kwenye ule mti mweusi. Kusema kweli kilikuwa kizuri. Alipomaliza akakipigapiga kwa kiganja.

"Haya kaa, tukione."

"Hapana. Hiki anakalia mwenyewe tu."

"Basi ngoja nikae mimi."

"Wewe ndio kabisa!"

Akacheka. "Sasa tutajuaje kama kimekaa sawa?"

"Kimekaa sawa."

"Nimekiachia tumbo kidogo," akasema. "Wavu nisipouachia tumbo unakatika."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Mimi ni fundi viti, nimejaribu viti vya watu mamia kwa makalio yangu mwenyewe, kila kiti kinachotoka kibandani kwangu nakikalia kwanza. Hiki kimoja sikukikalia. Nilimpa stuli mbili mpya kwa kazi yake, nikaondoka.

Nilifika Butiama Jumapili, nimekaa juu ya mizigo kwenye pikapu, abiria wananiuliza kama nimebeba mtego. Baba na mama walikuwa wametoka kanisani. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani, la mikono mirefu, na alikuwa ameshaanza kutembea na fimbo. Nikakiweka kiti uani mbele ya lile jiwe lake.

Alikizunguka mara mbili. Akagusa uzi kwa kidole kimoja.

"Mwambie hii si ngozi."

"Baba yako anasema hii si ngozi."

"Mwambie ni wavu."

"Anasema ni wavu."

"Wa ziwani?"

"Wa ziwani?"

"Wa ziwani, mama. Mwambie si ngozi, kwa hiyo hajafa mtu."

Mama alikaa kidogo kabla ya kuisafirisha hiyo. Lakini akaisafirisha. Baba alimpa mama fimbo. Akageuka, akashika zile ngumi mbili kwa mikono yake, moja huku, moja huku, kama nilivyokuwa namwona nikiwa mdogo, akajishusha.

Akaendelea kushuka.

Ule wavu ulifungua tumbo lake lote. Baba alizama taratibu, bila haraka, bila mlio, mpaka makalio yakakaribia ardhi na magoti yakaja masikioni. Kiatu kimoja cha kanisani kikaning'inia hewani. Mikono ilibaki juu, imeshika ngumi, kama mtu anayechungulia kutoka kisimani. Kuku akaja akamwangalia.

Mama aliweka kanga mdomoni, akakimbilia jikoni. Mgongo wake ulikuwa unatikisika.

Baba alijaribu kunyanyuka. Kiuno kikakataa, wavu ukamrudisha. Akajaribu tena. Akageuza shingo kuelekea jikoni, akamwita mama. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu, kwa nguvu. Mama aliniambia baadaye kwamba alisikia zote tatu.

Baba akatazama mlango wa jiko. Akatazama chini. Halafu akanitazama mimi.

"Nivute," akasema.

Nikamshika mikono. Ilikuwa mikavu, myepesi. Nikavuta, akaja na kiti chake.

"Weka mguu hapo."

Nikaweka mguu kwenye mguu wa kiti.

"Polepole. Kiuno."

Nikavuta polepole. Akatoka, akasimama, bado tumeshikana, tunahema. Nilihesabu maneno: sita. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya siku hiyo, miaka kumi na moja nayapanga, kwenye randa, kwenye basi, bondeni kwenye maharage. Nikasubiri yatoke. Nikasubiri hata machozi, maana niliona kama ndio utaratibu wake. Hakukuja kitu. Kilichokuja kichwani ni kwamba ule uzi ulitakiwa kupita mara mbili, na kukazwa kwenye fremu kabla ya fundo la kwanza.

Mama akatokea mlangoni, macho yamelowa kwa kucheka. "Baba yako anasema umvute."

"Ameshatoka, mama."

Akasimama pale na fimbo ya mtu mkononi, hana pa kuipeleka.

Baba alikuwa anakiangalia kiti. "Kikaze," akasema. Nilikaa kidogo kabla ya kuelewa kwamba ni mimi.

Mchana ule tulikikaza. Nikafumua upande mmoja, yeye akakaa kwenye jiwe na kushikilia ile ngumi ya kulia ili kiti kisicheze. Tuliongea kuhusu mafundo. "Hilo limelegea." "Hili?" "La pembeni yake." Viatu hakuvitaja. Shule hakuitaja. Mimi pia sikutaja. Alipojaribu tena kukaa, wavu ulimshika. Ulibonyea kidogo, ukalia, ukanyamaza. Akakaa akiangalia zizi.

Chakula kilipoiva tuliwekewa sahani pale uani, yeye kwenye kiti, mimi kwenye ile ndoo nyeupe. Tukanawa, tukaanza kula. Baba akageuza shingo kuelekea jikoni akaita. Mama akatoka na moshi wake, anajifuta mikono kwenye kanga, akasimama katikati yetu akisubiri.

Baba akamwangalia kama mtu aliyesahau alichoendea dukani.

"Hakuna kitu," akasema. "Rudi tu."

Mama akarudi. Baba akakata tonge lake, akalichovya.

"Punguza tonge," akaniambia.

Nikapunguza.